Mkono wa mbavuni unafanya kazi gani? Jibu kwa mwanakarate wa Chikongola

SWALI: Shikamoo Sensei. Mimi ni kijana wa Chikongola hapa Mtwara, nafanya karate ya Goju-ryu, nina mkanda wa kijani. Kila jioni tunapiga gedan barai, mbinu ya kuzuia chini, mpaka mikono inakufa ganzi. Nilimuuliza mwalimu wangu kwa nini mkono mmoja unafagia chini na mwingine unarudi mbavuni badala ya kulinda uso. Akaniambia, "Fanya, utaelewa mbele ya safari." Jirani yangu anacheza ngumi, yeye ananicheka. Anasema nikikutana naye na mkono mbavuni nitaondoka bila meno. Je, hizi mbinu zina maana au tunarithishana mazoea tu? Na je, nihamie kwenye ngumi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu.

Nianze na jirani yako, maana yeye ndiye aliyekuwasha. Kwa upande wake anasema kweli. Ulingoni, ukishusha mkono mbavuni, ngumi ya kuzungusha itakukuta kwenye taya hata hujaiona ikija. Hapo sina cha kukutetea. Ila na wewe muulize: huko ulingoni, mpinzani wake anaruhusiwa kumkunja shati? Anaruhusiwa kumdaka mkono akauvuta? Haruhusiwi, na hata angeruhusiwa asingeweza, kwa sababu glavu haishiki kitu. Ngumi za kisasa zinafuata kanuni zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867, zile zinazoitwa za Queensberry, na kanuni hizo zilipiga marufuku mieleka na kukumbatiana. Kabla ya hapo wapiganaji wa Uingereza walikuwa wakikamatana na kubwagana chini, na ilihesabika ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo mikono miwili ya jirani yako imekaa mashavuni kwa sababu nzuri kabisa: hakuna mtu atakayeishika kuishusha.

Sasa toka ulingoni uende stendi, au uwanjani timu ikishafungwa, au kwenye kibanda cha bia siku ya malipo ya korosho. Ugomvi wa watu wetu unaanzaje? Mara chache sana unaanza kwa ngumi iliyonyooka kutoka mbali. Mtu anakusogelea, "Unanijua mimi?", anakukunja shati kwa mkono mmoja, ndipo ule mwingine unakuja usoni. Au anakudaka mkono wenye simu. Au anakukamata kiunoni kwa nyuma, Tanganyika jeki, unatembezwa kwa ncha za vidole. Au unapigwa roba. Mkono unaoshika unatangulia, unaopiga unafuata. Karate ya Okinawa, kule Japani ilikozaliwa, ililelewa katika umbali huo wa kukamatana, ambapo unajua mwenzako amekula nini kwa harufu tu. Ukiichukua mbinu ya umbali huo ukaisimamisha mita mbili mbali na mtu, lazima ionekane ya kipumbavu.

Tuchukue kitu unachokijua tayari. Gekisai Dai Ichi, ile kata, yaani mfululizo wa hatua uliopangwa, mwanzo wake tu. Unageuka kushoto, mkono wa kushoto unapanda juu ya paji la uso, age uke. Unaingia hatua moja kwa mguu wa kulia na ngumi ya kulia usawa wa uso. Kisha mguu uleule wa kulia unarudi nyuma, unakaa shiko-dachi, miguu imepanuka na magoti yamekunjwa, kushoto kunafagia chini, kulia kunarudi mbavuni. Huko darasani pengine mnaambiwa hivi: umezuia ngumi, umejibu, jamaa akarusha teke, nawe ukalizuia kwa kigasha.

Haya, mwambie mwenzako arushe teke hilo kikweli. Utagundua mambo mawili. Kwanza, nukta moja tu iliyopita ulikuwa umemfikia usoni kwa ngumi, na mtu aliyepigwa usoni kwa umbali huo hana nafasi wala hamu ya kunyoosha teke la mbele. Pili, kigasha chako kinashuka na kukutana na ugoko wake, mfupa kwa mfupa, na kati ya mifupa hiyo miwili wa kwako ndio mwembamba. Mara moja inatosha, kigasha kitaomba radhi chenyewe.

Jaribu njia nyingine, polepole. Mwenzako arushe ngumi ya kulia ya kuzungusha, ile ya mtu mwenye hasira asiyejua kupigana. Kushoto kwako kunaipokea ingali juu, karibu na kifundo cha mkono wake. Kulia kwako kunampiga, gusa tu kifuani kwa sasa. Mkono huo wa kulia usiurudishe mtupu. Unaporudi, upitie kwenye kifundo chake cha kulia, ambacho kushoto kwako bado kunakigusa, ukidake. Sasa fanya kile unachofanya kila jioni: vuta mpaka mbavuni huku ukigeuza kiganja kiangalie juu. Usiongeze kitu. Kule kugeuza ngumi ambako ulidhani ni mapambo kunausokota mkono wake wote hadi begani, unanyooka, na kiwiko chake kinaangalia juu. Mguu wako wa kulia unarudi nyuma, makalio yanashuka kwenye shiko-dachi, na kigasha cha kushoto kinatua juu kidogo ya kiwiko kile. Bega lako halina kazi kubwa. Ni uzito wa mwili mzima umekalia kiungo kimoja. Nimeona vijana wembamba hapa ufukweni Lindi wakimpigisha goti mtu mzito kuliko wao kwa njia hii, naye uso unatazama mchanga.

Hapo sasa rudi kwenye swali lako: nani analinda uso? Tazama mkono wa kushoto wa huyo jamaa uko wapi. Uko mbali, upande wa pili wa mwili wake, kwa sababu ulipomvuta ulimgeuza. Hawezi kukufikia mpaka kwanza ajinyanyue na ageuke. Mkono wa mbavuni ndio uliolinda uso wako. Tena umekufanyia na jambo la ziada: kwa kuwa umemshika, unajua mkono wake uko wapi bila kuutazama, hata umeme ukiwa umekatika.

Sikwambii kwamba mtunzi wa kata aliwaza hivi hasa na si vinginevyo. Nakwambia hatua zinakaa bila kulazimishwa: mguu unarudi kwa sababu, kiuno kinashuka kwa sababu, mkono unavutwa kwa sababu. Ile tafsiri ya kuzuia teke inakuachia mguu na mkono bila kazi. Mimi nikipewa maelezo ya mbinu, naangalia hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kiungo kinachobaki bila kazi kinaniambia maelezo hayajakamilika.

Na kinyume chake ni kweli pia, hapa wanakarate wenzangu watanuna. Mkono usioshika kitu mahali pake ni usoni. Ukiwa kwenye kumite, mpambano wa wawili, umemrukia mwenzako kwa ngumi, mkono wa pili uko mbavuni na hauna mkono wa shati, hauna kifundo, hauna nywele wala sikio la mtu ndani yake, basi jirani yako amekushinda hoja. Tunaurudisha mbavuni mtupu kwenye mistari ya darasani ili mwili uzoee njia ya kuvuta, si kwa sababu mbavuni pana ulinzi.

Utauliza, kama maelezo ni mepesi hivi, kwa nini watu wanafundishwa miaka bila kuambiwa?

Mwaka 1901 mwalimu Anko Itosu aliiingiza karate katika shule ya msingi huko Okinawa. Kabla ya hapo mtu alifundishwa na mwalimu wake, wawili watatu uani, usiku mara nyingi, na kila mbinu alishikishwa mwilini. Shuleni kuna watoto kwa makumi wamesimama mistari, wanahesabiwa moja, mbili, tatu. Huwezi kumfundisha mtoto wa miaka kumi kuvunja kiwiko cha mwenzake wa dawati moja, na huwezi kuwazungukia wote. Kwa hiyo umbo la mbinu likabaki, maelezo yakarahisishwa: huku ni kuzuia juu, huku ni kuzuia chini. Gekisai yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1940 hivi, Chojun Miyagi mwanzilishi wa Goju-ryu akiitunga iwe nyepesi kwa vijana na wanaoanza. Karate ilipopelekwa Tokyo na Gichin Funakoshi mwaka 1922 ikaenea vyuoni, na vijana wa vyuo wanapenda mashindano. Mashindano yakawatenganisha wapiganaji, kushikana kukabanwa na sheria, na mkono wa mbavuni ukabaki hauna mtu wa kumvuta. Mwanajudo haulizi kabisa mkono wa kuvuta ni wa nini, maana siku ya kwanza tu ameshikishwa koti la mwenzake.

Lakini Itosu huyohuyo, aliyeipeleka shuleni, aliandika barua mwaka 1908 yenye mafunzo kumi, na humo anahimiza mambo mawili kwa pamoja: mbinu zirudiwe sana, na kila moja mtu asikilize maelezo yake ajue ni ya wakati gani na inatumikaje. Sehemu ya kwanza tumeishika vizuri mno. Mtoto wa madrasa anahifadhi juzuu kabla hajajua tafsiri, na hakuna anayemlaumu maalim kwa hilo, kwa sababu kila mtu anajua tafsiri ipo na siku yake itafika. Neno la mwalimu wako, "utaelewa mbele ya safari", ni halali kwa masharti hayohayo: tafsiri iwepo, na siku ifike. Mkanda wa kijani si mapema.

Usichukue maneno yangu ukaanza kutafuta mpinzani nyuma ya kila mwendo. Mambo mengine dojoni, pale tunapofanyia mazoezi, hayakuwekwa kwa ajili ya kumpiga mtu.

Sanchin, kata ya kusimama na kupumua, ni mfano mkubwa. Ukitembea Sanchin, hatua fupi, magoti yameingia ndani, pumzi inasikika, mwalimu anakuzunguka anakugonga mabega na mapaja, usiulize hapo adui amesimama wapi. Unafundishwa kusimama usitikisike huku unapumua. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, mwambie mwenzako akusukume kifuani katikati ya hatua, kwanza ukiwa umejikaza kama mti, kisha ukiwa umekaza tumbo na kulegeza mabega. Tofauti utaiona mwenyewe kwenye nyayo. Pushapu za ngumi nazo kazi yake kubwa ni kunyoosha kifundo cha mkono ili kisikunje unapopiga. Wanaosema ni za kukomaza ngozi wanaishia kuwa na vidole vya kutisha na kifundo bado legelege.

Halafu kuna kuanguka. Dojo nyingi za karate za kwetu hazifundishi kuanguka, na naona ni upungufu mkubwa kuliko huo wa gedan barai. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipofungua Kodokan, shule yake ya Tokyo, mwaka 1882, judo ilijengwa juu ya kubwagana, kwa hiyo mwanafunzi sharti ajue kutua. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, pumzi nje, mkono mzima upige sakafu pembeni ya mwili, usiwe mbali sana wala usiugandamize. Wanaoanza hudhani kule kupiga sakafu ni kelele tu. Kunafanya kazi mbili: kunagawa kishindo kwenye eneo kubwa, na kunauzuia mkono usitangulie kuchomeka chini, ambako ndiko vifundo vinakovunjikia. Hesabu watu unaowajua waliowahi kukabwa, kisha hesabu waliowahi kuanguka na bodaboda. Ukiniuliza mbinu gani utaitumia kwanza maishani mwako, nitaweka pesa kwenye hii. Tafuteni mtu wa judo awape hata wiki mbili, mfanyie kwenye mchanga.

Sasa tahadhari, maana najua ukishasoma hapa utafungua simu na kutafuta video. Huko utakuta mabingwa wa tafsiri. Jamaa anarusha ngumi moja, anaganda kama sanamu ya mpingo, na bwana mkubwa anamzunguka, anamsokota, anampiga mara saba, anamlaza. Tazama mkono wa pili wa huyo anayepigwa. Umelala. Hausukumi, haushiki, haujaribu hata kujikuna. Tafsiri yoyote inayohitaji mkono wa pili wa mpinzani ulale iweke pembeni. Vivyo hivyo ile inayohitaji ujue mapema atakupiga kwa mkono gani.

Kwa hiyo ukirudi kwenye Gekisai na mwenzako, msiishie kwenye ule mwendo wa polepole. Ukishauzoea, mwambie akuvute badala ya kurusha ngumi: akukunje shati kwa mkono wa kulia, avute, na kushoto aandae kofi. Anza hapo. Utaona age uke imebadilika kazi, safari hii inaingia chini ya kidevu chake au inapita kati ya nyuso zenu kulikinga lile kofi, na mkono wa kuvuta hauhitaji tena kutafuta kifundo kwa sababu kifundo amekuletea mwenyewe kifuani. Kisha mwambie agome: akunje kiwiko usiweze kuunyoosha. Mara nyingi atafanikiwa. Hapo usishindane naye nguvu, kata inaendelea. Kuna mbele kidogo ambapo unapiga teke, kiwiko kinapanda, ngumi ya mgongo wa mkono inashuka, na baadaye kuna mtama. Hizo zimewekwa kwa mtu aliye karibu kiasi kwamba ngumi iliyonyooka haina tena nafasi. Mtama hasa: umtege wakati umemvuta na uzito wake wote uko mguu mmoja. Ukiupiga kwa mtu aliyesimama sawasawa unaumiza kifundo chako cha mguu.

Viwiko ni vya kwenu wote wawili, na kesho mnavihitaji kubeba ndoo. Kigasha kinatua kwa uzito wa taratibu, anayebanwa akigonga mara mbili popote, unaachia hapohapo, hata kama unadhani anatania. Na ujue sheria yetu inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, basi. Ndiyo maana naipenda mbinu hii kwa kijana: jamaa akishapiga goti, una nafasi ya kuamua. Unaweza kumshikilia watu waje, unaweza kumsukuma ukaondoka. Ngumi ya taya haikupi nafasi hiyo. Akiwa na panga, hakuna kata. Mpe simu.

Kuhusu mwalimu wako. Usimuulize katikati ya mstari, na usimuulize "kwa nini" tupu, kwa sababu mbele ya wanafunzi "kwa nini" ya mkanda wa kijani inasikika kama "sikuamini". Ngoja mazoezi yaishe, mkiwa mnafagia. Mpelekee tukio, usimpelekee shaka: "Sensei, mtu akinikunja shati hapa, ile gedan barai ya Gekisai naiingizaje?" Kisha mshike kweli, kwa adabu, pale kifuani kwenye gi, vazi la mazoezi. Walimu wengi wa zamani hawawezi kueleza kwa maneno lakini mwili wao unajua, ukiwashika tu jibu linatoka. Akikuonyesha tofauti na nilivyoandika, fuata chake kwanza, ukijaribu kwa vigezo vilevile: kila kiungo kina kazi, na mkono wa pili wa mpinzani uko macho. Akikasirika au akirudia "fanya tu", endelea kufanya, na mazoezi ya wawili fanyeni nyinyi kwa nyinyi Jumapili ufukweni Shangani.

Kuhamia ngumi? Usihame. Nenda ukajifunze, ukirudi unaendelea na karate. Jirani yako ana kitu ambacho dojo nyingi hazina: kila wiki anapigwa usoni na mtu anayetaka kweli kumpiga, na amezoea kufungua macho. Hiyo huwezi kuipata kwenye kata hata ukiirudia mpaka ngozi ya nyayo iishe. Mwambie akufundishe, vaa glavu, kinga ya meno usisahau, na huko mikono yote miwili ikae mashavuni bila ubishi. Mkimaliza raundi zenu, avue glavu, avae shati la zamani asiloliogopea kuchanika, naye akukunje. Hiyo ni zamu yako.